Unyang'anyi wa Mchana Kweupe

Mazungumzo yetu ya leo yahusu msemo ambao kila mmoja wetu amepata kuusema, au kuusikia ukisemwa, mbele ya duka au gengeni. Mtu huuliza bei ya kitu, naye huambiwa. Hunyamaza kidogo, kama mtu anayedhani kuwa hakusikia vema, kisha huuliza tena. Akijibiwa bei ile ile, hukirudisha kitu mahali pake na kusema: "Huu ni unyang'anyi wa mchana kweupe!"

Wenye kusikia hucheka, na mwenye duka naye huenda akacheka. Lakini maneno haya ni mazito kuliko kicheko chake, maana ni mashtaka, tena mashtaka makubwa. Basi yafaa tujue maana yake, habari zinazosimuliwa juu ya asili yake, na mahali yanapostahili kutumiwa, ili tusimshtaki mtu asiye na kosa, wala tusimwache aliye nalo.

Na tuanze na maneno yenyewe. Lugha yetu yatenga mwizi na mnyang'anyi. Mwizi huja kwa siri. Huchagua usiku, au saa ambayo mwenyewe hayupo. Akisikia mlango walia hukimbia, kwa kuwa ajua kwamba alitendalo ni baya na aogopa kuonekana. Mnyang'anyi hana haja ya kujificha. Husimama mbele ya mwenye mali, wakatazamana macho kwa macho, kisha huitwaa mali ile kwa nguvu. Nayo maneno "mchana kweupe" yaongeza uzito: jua liko juu, watu wapita njiani, kila mtu aona, na hakuna azuiaye. Kwa hiyo msemo huu haumlaumu muuzaji kwa kudanganya. Aliyepunja mizani au kuchanganya maji katika maziwa twamwita mwizi au laghai. Huyu wa mchana kweupe amepima sawasawa, na bei yake ameitaja kwa sauti. Lawama yake ni kwamba haoni haya.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Mwenye duka hakushika rungu wala panga, na mnunuzi, akikubali kununua, hutoa fedha kwa mkono wake mwenyewe. Basi nguvu ya unyang'anyi iko wapi?

Tutoe mifano miwili. Mtu aingia duka la nguo, aona hariri nzuri, aambiwa bei ya kutisha. Aweza kusema kwamba hariri ile ni ghali mno, akaenda zake, akavaa nguo aliyo nayo, wala hakudhurika. Mtu wa pili ana mgonjwa nyumbani, usiku umeingia, hospitali iko mbali, na kijijini pana gari moja tu. Mwenye gari aitazama hali yake, kisha ataja nauli mara kumi ya ile ya siku zote. Mtu huyu hawezi kwenda zake. Wa kwanza alikuta bei kubwa; wa pili alinyang'anywa. Nguvu ya mnyang'anyi huyu ni shida ya mnunuzi, naye huitumia kama mwingine atumiavyo panga. Tukishike kipimo hiki, kwa kuwa tutakitumia katika yote yafuatayo: tusitazame ukubwa wa bei peke yake, bali tuulize kama mnunuzi alikuwa na njia nyingine.

Waingereza nao wana msemo kama huu, wasemao kwamba bei fulani ni unyang'anyi wa nuru ya mchana. Wanafunzi wengi husimuliwa hadithi juu ya asili yake, nayo ni hadithi tamu, tena ina ukweli mwingi ndani yake, ila katika jambo moja.

Mwaka 1696, zamani za Mfalme William wa Tatu, serikali ya Uingereza ilikuwa na haja kubwa ya fedha. Ikaweka kodi juu ya nyumba, na ili kumtambua tajiri pasipo kumwuliza mapato yake, ikaamua kuhesabu madirisha. Kila nyumba ililipa shilingi 2. Yenye madirisha kati ya 10 na 20 iliongeza shilingi 4, na yenye zaidi ya 20 iliongeza shilingi 8. Jambo hili lilionekana rahisi, kwa maana mtoza kodi hakuwa na haja ya kuingia ndani. Aliweza kusimama njiani akahesabu kwa kidole.

Lakini mtu akihesabiwa kwa kitu, hukipunguza kitu kile. Wenye nyumba walianza kuziba madirisha kwa matofali, na waliojenga upya walijenga nyumba zenye madirisha machache. Hata leo, katika miji ya Uingereza, zaonekana nyumba za kale zenye madirisha yaliyozibwa. Kodi ikabadilishwa mara nyingi: mwaka 1747 ikawekwa kwa kila dirisha katika nyumba zenye madirisha 10 au zaidi, na mwaka 1766 ikashuka hata kuzifikia nyumba zenye madirisha 7. Adam Smith, mwanachuoni wa mambo ya uchumi, katika kitabu chake cha mwaka 1776, alieleza kasoro yake: nyumba ya kodi ndogo katika mji wa shamba huweza kuwa na madirisha mengi kuliko nyumba ya kodi kubwa mjini London, hata maskini akalipa kuliko tajiri. Walioumia zaidi walikuwa wapangaji wa majumba makubwa ya mijini, ambamo jamaa nyingi ziliishi pamoja. Jumba lilihesabiwa kuwa nyumba moja, na mwenye jumba aliziba madirisha ili asilipe. Aliyekaa gizani ni mpangaji. Waganga walilalamika kwamba watu waugua kwa kukosa hewa na nuru, na mwandishi Charles Dickens naye aliipinga kodi hiyo. Mwisho ikafutwa mwaka 1851, baada ya kutozwa miaka 155.

Basi hadithi yasema kwamba watu hao, walipoona nuru yao imechukuliwa, walilia: "Twanyang'anywa nuru ya mchana!" na hivyo msemo ukazaliwa. Ni maelezo ya kupendeza, lakini twaona kuwa si ya kweli, kwa sababu mbili. Kwanza, wachunguzi wa lugha ile wameutafuta msemo huo katika maandiko ya miaka ya kodi, wala hawakuukuta ukitumika kwa maana hii. Waonekana vitabuni muda mrefu baada ya kodi kufutwa. Kama ungalizaliwa na kodi, ungalisikika wakati watu walipokuwa wakiumia. Pili, maneno yenyewe yakataa. Nuru ya mchana katika msemo ule yaeleza wakati wa unyang'anyi, wala si mali iliyonyang'anywa. Jambo hili sisi Waswahili twaweza kuliona upesi, maana katika msemo wetu "mchana kweupe" ni wakati. Hakuna adhaniye kwamba mnyang'anyi aliuchukua mchana akaenda nao.

Twawaonya wanafunzi, basi, kwamba hadithi ya asili ya neno ikiwa tamu sana, waiulize miaka yake kabla ya kuiamini. Hata hivyo habari ya madirisha yafaa kukumbukwa, maana jambo kama lile lilitokea hata kwetu. Katika nchi ambayo sasa ni Kenya kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1901, na kwa kuwa iliyohesabiwa ni nyumba, watu wengine walijibana wengi katika nyumba moja ili zipungue za kuhesabiwa. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili wanaume wasio na nyumba nao walipe. Muingereza aliziba dirisha, na mtu wa bara alikataa kujenga nyumba ya pili. Wote wawili walitafuta njia ya kutokea. Mtu hutafuta njia hiyo kila apewapo bei asiyoweza kuivumilia, na asipoipata ndipo aliapo kwamba amenyang'anywa.

Sasa na tuhame kutoka Uingereza, tutazame bei moja ya nchi yetu iliyogombaniwa miaka mingi: hongo.

Siku hizi neno hongo lina maana ya rushwa, yaani fedha itolewayo kwa siri ili kupotosha haki. Zamani haikuwa siri hata kidogo. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliondoka Bagamoyo na bandari nyingine za pwani kwenda Tabora na Ujiji kutafuta pembe za ndovu. Njia kuu ilipita Ugogo. Msafiri atokaye pwani, kabla ya kuingia Ugogo, alivuka nyika kavu iitwayo Marenga Mkali. Na baada ya kutoka Ugogo kuelekea Unyamwezi, alikabiliwa na pori jingine lililojulikana kwa jina la Mgunda Mkali. Kati ya sehemu hizo mbili palikuwa na visima vya Wagogo, na mashamba yao ya mtama. Msafara ulipofika, wapagazi wamechoka na vibuyu ni vikavu, wajumbe wa mtemi walikuja kudai hongo: nguo za merikani na kaniki, shanga, na waya. Mazungumzo ya hongo yaliweza kuchukua siku kadha, na msafara haukuondoka mpaka yamekwisha. Tena hongo ya mtemi mmoja haikutosha, kwa kuwa mbele alikuwako mwingine.

Richard Burton alipita Ugogo katika safari yake iliyoanza mwaka 1857, na Henry Stanley alipita mwaka 1871. Wote waliandika kwa uchungu juu ya hongo, na wafanyabiashara wa pwani nao walinung'unika vivyo hivyo. Kwa wasafiri hawa hongo ilikuwa unyang'anyi wa wazi. Nasi tukitumia kipimo chetu, twaweza kuona sababu ya kilio chao: mwenye kiu hana njia nyingine. Aliyevuka Marenga Mkali hawezi kurudi nyuma ili kutafuta kisima cha bei nafuu.

Lakini mashtaka ni lazima yasikilizwe pande zote mbili. Ugogo ni nchi ya mvua chache, nayo imepata njaa mara nyingi. Kisima cha kiangazi hakikujichimba. Watu walikichimba kwa mikono, na maji yake yalikuwa ya ng'ombe wao na watoto wao. Msafara mkubwa ulikuwa na mamia ya watu, wote wenye kiu na wote wenye njaa, nao ulipoondoka visima vilikuwa vimepungua na ghala pia. Mgeni aliyelalamikia nguo alizotoa, mwenyewe alikuwa akienda kununua pembe kwa nguo chache ili aziuze pwani kwa faida kubwa. Mtemi angaliulizwa, labda angalijibu kwamba mnyang'anyi ni yule ajaye na bunduki mia akanywa maji ya wenyewe, kisha akaona vibaya kulipa.

Twaamini ukweli uko pande zote. Hongo iliyolingana na maji na chakula ilikuwa bei ya haki, na iliyopandishwa kwa sababu tu msafara ulikuwa hauna pa kwenda ilikuwa unyang'anyi. Desturi hiyo ilikwisha utawala wa Wajerumani ulipoenea bara, lakini neno halikufa. Limebaki katika vinywa vyetu likiwa na maana mbaya, kana kwamba lugha yenyewe imechukua upande wa wasafiri na kuwasahau wenye visima.

Bei za namna hii hazikuisha pamoja na misafara. Wazee wengi wa Tanzania wakumbuka miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, ambayo kwayo lugha yetu ilipata kulikazia neno jingine: ulanguzi. Kulangua ni kununua vitu kwa wingi, kuvificha mpaka viadimike, kisha kuviuza kwa bei ya kuruka. Serikali ilikuwa imepanga bei za vitu vingi kwa sheria tangu mwaka 1973. Lakini bei ya mafuta ya petroli ilipanda duniani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na vita na Idi Amin wa Uganda vya mwaka 1978 na 1979 vilikula fedha nyingi. Vitu vikawa adimu. Sabuni, sukari, chumvi na mafuta ya taa havikuonekana dukani kwa bei iliyoandikwa, lakini vilionekana uchochoroni kwa bei isiyoandikwa. Mtu alipanga foleni tangu alfajiri, akaambiwa kuwa bidhaa zimekwisha. Jioni akaletewa habari ya nyumba fulani ambamo zapatikana, mradi awe na fedha.

Mwaka 1983 serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza kuwasaka walanguzi na wahujumu wa uchumi, na sheria maalum ikatungwa mwaka huo huo. Wengi walikamatwa, na bidhaa zilizofichwa zikatolewa. Watu walifurahi, kwa kuwa kwa muda mrefu walikuwa wakiona mnyang'anyi apita mchana bila kuguswa. Hata hivyo, kukamata walanguzi hakukuongeza sabuni kiwandani. Kuanzia mwaka 1984 wafanyabiashara waliruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje kwa fedha zao wenyewe, na polepole maduka yakajaa tena. Bei hazikuwa ndogo, na wengi hawakuziweza. Lakini uchochoro ulipoteza nguvu yake, kwa sababu mnunuzi alipata duka la pili, na la tatu. Mlanguzi hustawi palipo na mlango mmoja. Sheria yaweza kumtia gerezani, na mlango wa pili humwondolea kazi.

Basi na turudi gengeni tulikoanzia, tuseme namna ya kuutumia msemo huu kwa haki.

Kwanza, tusiutumie kwa kila bei tusiyoipenda. Nyanya za kiangazi hupanda bei kwa kuwa ni chache na zamwagiliwa kwa taabu. Fundi aliyejifunza kazi miaka mingi hudai ujira mkubwa kuliko mwanafunzi wake. Chumvi ya kijiji cha mbali huongezwa nauli ya gari. Hao wakiitwa wanyang'anyi, neno hupoteza makali yake, na siku atakapokuja mnyang'anyi wa kweli hatutakuwa na jina la kumwita. Wahenga walisema kwamba biashara haigombi: mnunuzi na aulize, apunguziwe, akishindwa aende zake kwa amani.

Pili, tuutumie bila hofu palipo na shida iliyogeuzwa kuwa mtaji: nauli ya mgonjwa wa usiku, unga wa wakati wa njaa uliofichwa ghalani, maji yauzwayo mara nyingi ya thamani yake kwa kuwa bomba limekauka. Hapo tusicheke. Neno hili lisemwe kwa sauti, kwa kuwa mnyang'anyi wa mchana hutegemea ukimya wa wanaomwona.

Tatu, na hili twalisema hasa kwa ndugu zetu wakulima, unyang'anyi wa bei huweza kufanywa na mnunuzi pia. Mavuno yamejaa, ghala hakuna, mtoto adaiwa ada ya shule, na mchuuzi mmoja amekuja na lori. Ajua ya kuwa hana mshindani. Ataja bei ndogo, kisha ataka gunia lijazwe lumbesa, yaani lishindiliwe na kuongezwa kilemba juu ya mdomo wake, na lote lihesabiwe kuwa gunia moja. Mkulima ashonaye kilemba kile kwa mkono wake mwenyewe ni sawa na yule mwenye mgonjwa atoaye nauli mara kumi: ametoa mwenyewe, lakini hakuwa na njia nyingine. Nchini Tanzania sheria ya vipimo yakataza lumbesa, nayo yafaa ijulikane na kudaiwa. Lakini dawa iliyo karibu zaidi ni ile ile ya mlango wa pili: mizani ya kijiji ambayo kila mtu aiona, ghala la pamoja ili mazao yaweze kungoja bei, na wakulima kuuza kwa umoja ili mchuuzi asimkute kila mtu peke yake na shida yake.

Siku moja, basi, ukisimama mbele ya bei ya kutisha na maneno haya yakakujia ulimini, ngoja kidogo. Jiulize kama waweza kukirudisha kitu kile mahali pake, ukaenda zako bila kudhurika. Ukiweza, sema tu kwamba ni ghali. Usipoweza, na muuzaji ajua ya kuwa huwezi, sema neno lenyewe lote, na walio karibu nawe wasikie.